Nusu Milimita na Mvua ya Rungwe: Kuunda Gitaa la Umeme Nyumbani

Funga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki kwenye gitaa la umeme. Ukaze mpaka ulie, chomeka waya kwenye amplifaya, kisha upige. Spika haitasema kitu. Sasa toa mshipi huo, weka uzi mmoja wa chuma uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Sauti itatoka, hata kama ni ya kukwaruza. Mbao ni zile zile na mkono ni ule ule, ila chuma huvutwa na sumaku na nailoni haivutwi.

Kwangu mimi jaribio hilo dogo linalieleza gitaa la umeme kuliko maneno mengi ya wauzaji. Ndilo pia linalonipa imani kwamba kijana wa Nkunga, huku kwenye miinuko ya Rungwe jirani na Tukuyu, anaweza kujiundia gitaa la maana nyumbani kwao. Anachotakiwa kukubali mapema ni kwamba kazi hii ni ya kupima zaidi kuliko ya kuchonga.

Chini ya nyuzi kuna kile wapigaji wanachokiita pikapu: sumaku ndogo, mara nyingi sita, moja kwa kila uzi, zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Sumaku huuambukiza uzi wa chuma usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili hubadilika, na tangu mwaka 1831 Michael Faraday alikwisha kuonyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme kwenye waya. Uzi wa tano, ule wa A, hutikisika mara 110 kwa sekunde, kwa hiyo na umeme wake hupanda na kushuka mara 110 kwa sekunde. Amplifaya huukuza, spika huugeuza kuwa sauti. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walilitumia wazo hili huko California mwanzoni mwa miaka ya 1930, na gitaa walilolipeleka sokoni lilikuwa la alumini, shingo na kiwiliwili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba bila mti wa ughaibuni hakuna gitaa. Kwenye gitaa la kawaida lenye tumbo wazi, ubao wa juu ndio unaosukuma hewa, na aina ya mti husikika wazi. Kwenye gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha mbao nzima, mchango wa mti ni mdogo sana ukilinganisha na mahali pikapu ilipowekwa, koili ilivyosukwa na nyuzi zilivyopangwa. Mti una kazi nyingine, nayo ni nzito: kushikilia vipimo visihame.

Na Rungwe ni mahali pagumu kwa kazi hiyo. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa hewa hukaa juu kwa miezi mingi. Mbao hainyonyi maji kwa kunyeshewa tu. Hunyonya pia kutoka hewani, mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huipa mbao maji ya kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 65 huipa kama asilimia 12. Tofauti ya asilimia nne inaonekana ndogo, lakini ubao wa msonobari wenye upana wa sentimita 33 unaweza kusinyaa kwa karibu milimita 3 kwa ajili yake, kutegemea ulivyopasuliwa. Mbao husinyaa upande wa upana, karibu haisinyai kabisa upande wa urefu. Ndiyo maana gitaa lililoundwa hapa wakati wa mvua likipelekwa Dodoma, shingo hukonda lakini freti, zile fimbo za chuma zilizopandwa juu yake, hubaki na urefu wao. Ncha zake hujitokeza pembeni na kumkwaruza mpigaji kiganja.

Dawa yake ni subira. Mafundi seremala wengi huhesabu mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila milimita 25 za unene, lakini mizani huaminika kuliko kalenda. Panga mbao kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, paka rangi kwenye ncha ili zisipasuke, kisha pima uzito wa ubao mmoja kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya hapo. Baada ya kuranda, iache tena wiki kadhaa. Ikijipinda, heri ijipinde sasa kuliko ikiwa na nyuzi sita juu yake.

Mti gani? Kwa kiwiliwili, msonobari wa shamba la miti la Kiwira unatosha, na mgrevilia unaopandwa mashambani unafaa pia. Kwa shingo ningechagua mninga bila kusita. Huo hauoti kwenye miteremko yetu yenye mvua. Hutoka kwenye misitu ya miombo, kama ya Chunya na Tabora, na unasifika kwa kusinyaa kidogo mno. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali. Hifadhi ya Mlima Rungwe usiiguse hata kwa tawi moja: ni makazi ya kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, na hakuna gitaa lenye thamani ya kumfukuza.

Kazi inayotisha wengi ni kupanga freti, ilhali ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua urefu wa uzi kutoka kwenye kipande cha mfupa kilicho kichwani hadi kwenye daraja. Magitaa mengi ya mtindo wa Fender hutumia milimita 648. Gawanya kwa 17.817: freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka kichwani. Zimebaki 611.6, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.3, ndiyo nafasi kati ya freti ya kwanza na ya pili. Endelea hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie milimita 324, nusu kamili ya uzi, kwa kuwa nusu ya uzi hutikisika mara mbili zaidi na kutoa noti ile ile iliyo juu zaidi. Isipoangukia hapo, umekosea hesabu, rudia kabla ya kushika msumeno. Zamani mafundi wa Ulaya walitumia 18 badala ya 17.817, kanuni iliyoelezwa na mwanamuziki Vincenzo Galilei, baba yake Galileo mwanaastronomia. Ukitumia 18 kwenye uzi wa milimita 648, freti ya 12 inapotea kwa zaidi ya milimita 2, na sikio lolote la mwanakwaya litalijua kosa hilo. Pima kila freti kutoka kichwani, si kutoka freti iliyotangulia, maana makosa madogo yakifuatana hujumlika.

Waya wa freti na vifunguo vya kukazia nyuzi itabidi uvinunue. Hivyo sishauri kubahatisha. Pikapu unaweza kuisuka mwenyewe. Koili ya kawaida ina mizunguko kama 8,000 ya waya wenye unene wa milimita 0.063, ambao ukiuvuta kwa pupa unakatika. Kiunzi cha koili hufungwa kwenye keekee au kwenye gurudumu la cherehani, na vidole viwili huuongoza waya. Kuhesabu kuna ujanja mzuri sana: fungua kikokotoo cha bei rahisi, unganisha kitufe cha sawasawa na swichi ndogo inayofunga ikikaribiwa na sumaku, kisha bandika kipande cha sumaku kwenye gurudumu. Bonyeza 1, jumlisha, 1. Kila mzunguko unapopita, kikokotoo huongeza moja chenyewe. Ukimaliza, pima kwa mita: koili nzima husoma karibu omu 6,000. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani na unaanza upya.

Kama unadhani hayo ni ya maabara, kumbuka bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa. Mawangu Mingiedi na wenzake walitumia sumaku za vipuri chakavu vya magari kutengeneza pikapu za likembe zao, ala za vidole gumba zenye vijiti vya chuma, na muziki huo ukazunguka dunia.

Koili moja ina udhaifu wake: hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao kwetu ni mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliweka koili mbili zilizosukwa kinyume, na sumaku zake zikaelekezwa kinyume vilevile. Mvumo unafutana, sauti ya uzi inajumlika. Usisahau kulehemu waya wa ethi kutoka kwenye daraja. Na amplifaya yenye hitilafu ya ethi isitumike kabisa, kwa sababu mpigaji aliyeshika nyuzi akigusa maikrofoni kwa midomo anaweza kupigwa shoti.

Nyuzi sita zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Kwa hiyo ndani ya shingo huzikwa nondo nyembamba yenye nati, inayokazwa ili kuirudisha nyuma. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa. Bana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha angalia katikati: kati ya uzi na freti ya saba kuwe na mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.3. Geji ya vibati ambayo fundi pikipiki hupimia valvu inaupima mwanya huo vizuri. Ndipo ushughulikie kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, milimita 1.6 upande wa uzi mwembamba na 2 upande wa mnene. Mwisho kabisa, tumia programu ya kutyuni kwenye simu: noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko inavyopaswa, sogeza kiti cha uzi huo nyuma kwenye daraja, ikiwa chini, kilete mbele. Ukibadili mpangilio huu utafanya kazi mara mbili, maana shingo ikisogea kila kipimo kingine kinasogea nayo.

Kuwa na gitaa lako si jambo dogo. Katika enzi za bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vyombo vingi vya bendi nchini vilikuwa mali ya vyama na mashirika; mpigaji akihama bendi, gitaa linabaki. Na gitaa la nyumbani halina aibu yoyote. Mwaka 1963 Brian May, akiwa kijana wa shule Uingereza, alianza kuunda lake pamoja na baba yake. Shingo ilitoka kwenye mbao kuukuu ya mahali pa kuotea moto, na springi za valvu za pikipiki zikaingia kwenye daraja. Iliwachukua kama miaka miwili. Ndilo gitaa alilolipiga katika bendi ya Queen kwa miongo mingi, kando ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar.

Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na hadi leo uimbaji una nguvu huku. Kwaya nyingi hupiga solo, ridhimu na besi. Ombi langu kwa viongozi wa kwaya: gitaa lililoegeshwa stoo kwa sababu "halishiki tyuni" lisitupwe kabla mtu hajalipima shingo, kimo na daraja, tena baada ya kuliwekea nyuzi mpya, kwani nyuzi zilizoshika kutu kwa unyevu wetu hazityuniki hata zikipigwa na bingwa. Na wewe kijana unayetaka kuunda la kwako, tafuta ubao wa mninga sasa na uupange kivulini. Wakati unakauka, anza kusuka koili.