MAJI YATAFIKA WAPI?

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hongera kwetu! Lakini nafasi ya kulitanua jiji lenyewe iko wapi? Kaskazini tumezuiwa na Menengai, kusini na Ziwa Nakuru, nako magharibi ardhi hupasuka nyufa mvua ikizidi. Na hilo ziwa nalo halitulii. Tangu 2010 hivi limekuwa likipanda, likalimeza lango kuu la mbuga, kisha likaingia nyumba za watu kule Mwariki. Shangazi yangu anaishi huko, na kila mvua ikianza huuliza swali moja tu: maji yatafika wapi?

Ramani ya karatasi haiwezi kumjibu. Asiyesoma Jiografia akizitazama zile kontua na rangi, anaona kitenge tu. Tarakilishi inaweza. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada, kwa siku 11. Vipimo hivyo hutolewa bure. Ardhi imegawanywa vipande vya mita 30 kwa 30, na kila kipande kina nambari ya kimo chake. Tarakilishi huzigeuza nambari hizo kuwa picha, hadi Menengai inasimama kwenye skrini kama mlima hasa. Juu yake huwekwa barabara na nyumba zilizopigwa picha na setilaiti. Kisha unapandisha maji mita moja, mita mbili, unaona mtaa upi umelowa. Hata nyanya yangu angeelewa, naye kontua hazijui kabisa.

Lakini wacha tusidanganyike. Vipimo vya angani hukosea kwa mita kadhaa, na kando ya ziwa ardhi ni tambarare; mita moja ya maji husafiri mbali. Lazima wapimaji waende Mwariki kwa miguu na vyombo vyao kabla picha haijaaminiwa. Tena kuna picha za kuuza ndoto. Jiji la Konza lilipozinduliwa mwaka 2013, wazazi wetu walionyeshwa magorofa yanayong'aa, na miaka kumi baadaye mengi yalikuwa bado hayajajengwa.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Basi tukiitwa barazani, tuombe picha iwashwe mbele yetu, maji yapandishwe tukiona, tena tuambiwe vimo vilipimwa na nani, mwaka gani. Aliyeileta akikosa jibu, arudi akapime.