Mbwa ni ya Shirika, Nyumba ni ya Jamaa

Wasomaji wetu, baba na mama za kambi, nani kati yetu hajui palabre ya mbuzi? Mufanyakazi anapata mushahara, ananunua mbuzi jike mbili. Kambini hakuna nafasi ya kuzifuga. Basi anazipeleka mugini kwa shemeji: "Unichungie hizi." Miaka mitatu inapita, anaenda kuona. Mbuzi zilizaa, lakini watoto wako wapi? Moja iliibwa, moja ilikufa na ugonjwa, moja ilichinjwa kwa matanga ya shangazi. Akiuliza, shemeji anajibu: "Mimi ndiye nilizitafutia majani, mimi ndiye nililala nazo wakati wa mvua. Wewe ulikuwa wapi?" Maneno inafika kwa chifu, na udugu unaharibika juu ya mbuzi.

Leo tunataka kuwaelezea habari ya watu wa mbali wanaofanya vile vile, lakini na mbwa. Wanaweka mbwa za kuzalisha katika nyumba za jamaa zingine, na kazi yao inaendelea vizuri tangu miaka mingi. Tuangalie wanafanya namna gani.

Mbwa za vipofu

Sisi watu wa mugodi tunajua bei ya macho. Baruti inalipuka mbele ya wakati wake, kipande cha jiwe kinaruka usoni, na baba mwenye nguvu zake zote anarudi nyumbani ameshikwa mukono na mutoto wake. Tangu siku ile mutoto naye haendi tena masomoni, juu anakuwa macho ya baba.

Kule Bulaya, vita ndiyo ilileta shida hiyo kwa watu wengi pamoja. Katika vita ya 1914-1918 waaskari wengi walipoteza macho. Mwaka 1916, katika muji wa Oldenburg kule Ujerumani, munganga Gerhard Stalling alifungua masomo ya kwanza ya kufundisha mbwa kuongoza vipofu. Uingereza walifuata mwaka 1931: katika muji wa Wallasey, mbwa nne za aina ya berger allemand, ile ile tunayoiona hapa kwetu ikilinda malango ya kampuni, zilipewa vipofu wanne. Kutoka hapo kulizaliwa shirika la Guide Dogs, na liko mpaka leo.

Mwanzoni shirika lilipokea mbwa zilizotolewa na watu tu. Nyingi zilishindwa. Hii inaogopa gari, ile inakimbilia paka, ingine inashtuka ikisikia kelele. Na mbwa ya kipofu ikikosea katikati ya barabara, mutu anaweza kufa. Basi wakaamua kuchagua wenyewe mama na baba, na kuzalisha mbwa zao. Leo nyingi ni labrador, ao labrador iliyochanganywa na golden retriever: mbwa za roho pole, zinazopenda kufanya kazi na mutu.

Juu ya nini katika jamaa?

Mutu atauliza: shirika lenye franka vile, juu ya nini halijengi fensi kubwa na kufungia mbwa zote za kuzalisha ndani? Jibu ni hili: mbwa inayoishi ndani ya fensi inajua fensi tu. Haijui ngazi, haijui watoto wanaopiga kelele, haijui mugeni anayeingia. Mama mwenye woga analea watoto wenye woga. Na watoto wa mbwa wanajifunza dunia mapema sana, katika majuma yao ya kwanza. Anayesikia sufuria zikianguka na radio ikiimba tangu mudogo, hatashtuka akiwa mukubwa.

Kwa sababu hiyo mbwa za kuzalisha za Guide Dogs zinaishi katika nyumba za watu wanaojitolea, karibu na muji wa Leamington Spa. Ni lazima wasikae mbali, juu pale karibu ndipo penye kituo cha kuzalisha. Kule Marekani, katika California, masomo ya San Rafael nayo yanaweka mbwa zao za kuzalisha kwa jamaa.

Mapatano yao yako wazi. Mbwa ni mali ya shirika. Chakula na munganga wa nyama, shirika linalipa. Jamaa inatoa nyumba, matembezi ya kila siku, mapendo na wakati. Jamaa inaangalia siku za joto za mbwa, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na kupasha shirika habari. Shirika ndilo linachagua dume. Mimba inachukua karibu siku 63. Watoto wakifika karibu majuma nane, wanaondoka. Wanaenda kwa jamaa zingine, zinazowalea karibu mwaka moja, kisha wanaingia masomoni.

Jamaa iliyochunga mama haina haki ya kujikatia hata mutoto moja. Siku ya kuondoka, watoto wa nyumba wanalia, na wakubwa nao pia. Lakini wanaitika, juu walijua tangu siku ya kwanza. Walijua vilevile kwamba moja kati ya wale waliolala karibu na jiko lao atapeleka kipofu kazini, na kipofu huyo hatahitaji tena kuvuta mutoto wake njiani. Na mama-mbwa akimaliza kazi ya kuzaa, mara nyingi anabaki pale pale kuwa mbwa ya nyumba mpaka kufa kwake.

Na sisi?

Kwetu watu wengi wana berger jike, na parcelle ni ndogo. Wengine wanaiweka kwa jamaa ya quartier ingine ili izae huko. Si mubaya. Lakini ninyi mnaotaka kufanya vile, hapana kusahau mambo haya.

Musichague nyumba juu ya udugu tu. Muchague nyumba yenye mutu wa kubaki mchana, tena iliyo karibu, mupate kufika bila kungojea mwisho wa mwezi.

Muandike karatasi mbele ya washahidi wawili: nani analisha, nani analipa munganga, nani anapeleka mbwa kwa chanjo ya kichaa kila mwaka.

Jamaa za kwetu hazina franka za kujitolea bure. Basi mutaje sehemu yao: kwa mufano, mutoto moja katika kila uzazi, na nani anachagua wa kwanza. Mutaje pia: mbwa ikikufa ao ikiibwa, itakuwa namna gani? Ikizeeka, itabaki kwa nani?

Watu wengi wanaona haya kuuliza maneno hayo kwa ndugu. Wanaona kama ni kumusingizia uwizi. Lakini turudi kwa yule shemeji wa mbuzi. Hakuwa mwizi. Alichunga, alichoka, akajilipa sawa alivyoona. Siku ile mbuzi zilipofika kwake, hakuna mutu aliyesema mutoto wa kwanza ni wa nani.