Mashati ya Chittagong

Mwaka 1979 watu 130 waliondoka Bangladesh, nchi iliyokuwa na umri wa miaka 8 tu tangu kupata uhuru, na ambayo majeraha yake ya vita na njaa yalikuwa hayajapona, wakaenda mji wa Busan, Korea Kusini, kujifunza kushona mashati katika kiwanda cha kampuni ya Daewoo. Aliyewapeleka ni Noorul Quader, mtumishi mstaafu wa Serikali, mwanzilishi wa kampuni ya Desh. Nao Wakorea waliwapokea kwa kuwa mataifa tajiri yalikuwa yamewekea nguo za Korea kiwango kisichoruhusiwa kupitwa, ilhali Bangladesh ilikuwa haijafungwa hivyo.

Miezi 6 walikaa huko. Shati moja hushonwa na fundi yeyote wa barazani. Walakini kushona mashati elfu, kila ukosi ukilingana na mwenziwe, huyu akitia mikono, yule akitia mfuko, wa tatu akitoboa vitundu vya vifungo, kisha yote yafike melini siku ile aliyoahidiwa mnunuzi, hiyo ni elimu nyingine, nayo humwingia mtu mkononi kwa kukaa kando ya anayeijua. Fauka ya hayo, Desh ilipigania taratibu mpya za biashara: hati ya benki ya mnunuzi wa ng'ambo iwe dhamana ya kununulia kitambaa, na kitambaa hicho kiwekwe katika ghala ya forodha pasipo ushuru, maadamu kitasafirishwa kikiwa nguo.

Waliporudi Bangladesh, kiwanda chao cha mjini Chittagong kilianza kazi mwaka 1980. Mwaka uliofuata mkataba na Daewoo ukavunjwa, Desh ikabaki kujiendesha yenyewe. Haikupita miaka kumi, 115 katika wale 130 walikwisha kuiacha, baadhi wakafungua viwanda vyao, wengine wakaajiriwa na matajiri wapya. Desh ilipata hasara, sikatai. Lakini bilhaki hapo ndipo nchi ilipofaidika, na leo Bangladesh ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani.

Soko halikuwafunza yote. Mwaka 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji, na ndipo wanunuzi wa Ulaya walipotia sahihi mapatano ya ukaguzi wa majengo. Elimu hiyo ilistahili kutangulia.

Msomaji, geuza ukosi wa shati lako usome kibandiko chake: huenda lilishonwa na mwanafunzi wa mwanafunzi wa mmoja wa wale 130.