Sumaku Ambayo Hakuna Aliyeiweka

Kila elektroni huzaliwa na usumaku wake, utokanao na sifa iitwayo spini. George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit waliipendekeza mwaka 1925 huko Leiden, Uholanzi. Ukiipima utapata jibu moja kati ya mawili: juu au chini. Hilo latosha kubeba taarifa, mradi spini igeuke ikiamriwa na isisahau ilichoamriwa. Tabu ni kwamba kinachoigeuza ndicho hicho kinachoisahaulisha.

Jina lake ni muungano wa spini na obiti. Kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, uga ulio wa umeme mtupu kwa aliyetulia huwa pia na usumaku kwa anayekwenda kasi. Basi elektroni inayokatiza kati ya atomi za fuwele hukuta uga wa sumaku ambao hakuna aliyeuweka, na spini yake huanza kuyumba kama pia iliyoinama.

Mwaka 1955 Gene Dresselhaus alionyesha kwamba uga huo hutokea katika fuwele zisizo na ulinganifu wa ndani, mfano galiamu asenaidi. Silikoni, yenye atomi za aina moja zilizopangika kwa ulinganifu, haina.

Chanzo cha pili hujengwa. Mwaka 1970 Leo Esaki na Raphael Tsu wa IBM walipendekeza supalatisi: tabaka nyembamba mno za semikondakta mbili zinazopishana. Elektroni ikibanwa katika tabaka ambalo pande zake hazilingani, huzuka uga mwingine, walioueleza Yuri Bychkov na Emmanuel Rashba mwaka 1984. Huu hurekebishika kwa volteji. Ndio uliotegemewa na Supriyo Datta na Biswajit Das mwaka 1990 walipopendekeza transista ya spini.

Lakini uga hufuata mwelekeo wa mwendo. Elektroni ikigonga kasoro hupinda njia, na spini hupata mhimili mpya wa kuzunguka. Zilizoanza pamoja huishia kila moja na lwake.

Mwaka 2006 Andrei Bernevig, Joseph Orenstein na Shoucheng Zhang walionyesha dawa: zipe nyuga hizo mbili nguvu sawa. Hapo uga wote hulala kwenye mhimili mmoja, na kiasi cha spini kugeuka hutegemea elektroni imefika wapi, si imepita wapi. Mwaka 2009, katika tabaka za galiamu asenaidi, Orenstein na wenzake walipima uhai wa spini ulioongezeka takribani mara 100. Mwaka 2012 watafiti wa IBM huko Zürich walipiga picha mawimbi ya spini yaliyodumu nanosekunde 1.1, kwenye baridi ya nyuzi 233 chini ya sifuri.

Unene wa tabaka ndio unaopanga nguvu ya Dresselhaus. Tofauti ya chaji baina ya pande zake hupanga ile ya Rashba. Kumbukumbu ya spini, basi, haitegemei tu madini yaliyochaguliwa, bali pia mkono wa anayezipanga tabaka.