Kyela: Mashine ya kukoboa mpunga ipimwe kwa mchele wake

KYELA — Msimu wa mpunga unapofunguka katika ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia mwezi Mei na kuendelea, wapo wafanyabiashara wenye mtaji mdogo ambao huanza kuulizia mashine za kukoboa. Swali lao la kwanza huwa bei ya mashine. La pili huwa ni magunia mangapi yanakobolewa kwa saa. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Fedha imo katika swali la tatu: kila kilo 100 za mpunga zinazoingia mashineni zinatoa kilo ngapi za mchele, na katika mchele huo punje nzima ni kiasi gani?

Swali hilo lina uzito zaidi Kyela kuliko sehemu nyingi. Mchele wa wilaya hiyo unasifika kwa harufu na ladha, na mlaji wa Mbeya au Dar es Salaam hulipa kwa ajili ya jina hilo. Jina hilo hilo hubandikwa hata kwenye mchele uliolimwa kwingine. Mwenye mchele halisi wa Kyela akiupeleka sokoni umejaa chenga na chuya, amejinyima faida ambayo shamba lilikwisha kumpa.

AINA MBILI ZA MASHINE

Mashine zinazofaa mwekezaji mdogo ni za makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mashine ya roli ya chuma. Asili yake ni mtambo uliobuniwa na Engelberg nchini Brazil katika karne ya 19. Roli ya chuma yenye meno huzunguka ndani ya chumba chenye chujio, nayo hutoa ganda na kusugua punje kwa mpigo mmoja. Ni nyepesi kununua, haina vipuri vingi, na fundi yeyote wa mjini anaweza kuitengeneza. Ubaya wake ni kwamba punje husukumwa kwa nguvu kubwa, nyingi huvunjika, na vipande vidogo hutoka pamoja na pumba.

Kundi la pili ni mashine ya hatua mbili. Mpunga hupita kwanza kati ya roli mbili za mpira zinazozunguka kuelekeana, moja ikiwa na kasi kuliko nyingine. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayovua ganda. Feni huondoa maganda, kisha punje huingia katika chumba cha pili kusuguliwa ziwe nyeupe. Hatua zote mbili huwa ndani ya mashine moja, na nyingi za ukubwa wa mwekezaji mdogo hukoboa kati ya nusu tani na tani moja kwa saa.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ya nchini Ufilipino inaeleza kuwa roli ya chuma hutoa mchele wa asilimia 50 hadi 55 tu ya uzito wa mpunga, na punje nzima zinaweza kuwa chini ya asilimia 30 ya mchele huo. Mashine ya hatua mbili kwa kawaida huvuka asilimia 60. Kikomo kinawekwa na mpunga wenyewe: ganda ni karibu asilimia 20 ya uzito, na ngozi ya ndani inayosuguliwa ni asilimia 8 hadi 12. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi asilimia 75 ya mchele mweupe anauza maneno.

HESABU YA MFANO

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu; kila mnunuzi aweke bei za soko lake. Mashine ya chuma iwe shilingi 5,000,000 na ya hatua mbili shilingi 9,000,000, yaani tofauti ya shilingi 4,000,000. Ya kwanza itoe kilo 530 za mchele kwa tani ya mpunga, ya pili kilo 630. Bei ya mchele iwe shilingi 2,000 kwa kilo, na gharama ya kubadilisha mipira iwe shilingi 2,000 kwa kila tani.

Mfanyabiashara anayenunua mpunga, kuukoboa mwenyewe na kuuza mchele, anapata kilo 100 zaidi kwa kila tani, ambazo ni shilingi 200,000. Akitoa gharama ya mipira, anabaki na 198,000. Tofauti ya bei ya mashine inarudi baada ya tani 21 hivi. Hapo bado hajahesabu kwamba mchele wenye chenga chache huuzwa kwa bei ya juu.

Mwenye mashine anayekoboa mpunga wa watu kwa malipo yuko katika hali tofauti kabisa. Akitoza shilingi 50 kwa kila kilo ya mchele unaotoka, kilo 100 za ziada zinamletea shilingi 5,000 tu kwa tani. Akitoa mipira anabaki na 3,000, na tofauti ya bei itarudi baada ya tani zaidi ya 1,300. Akitoza kwa gunia la mpunga linaloingia, hapati nyongeza yoyote, bali anabeba gharama ya mipira peke yake.

Hapo ndipo ilipo sababu ya mashine duni kuendelea kufanya kazi kijijini. Hasara ya mchele uliopotea humwangukia mkulima au mchuuzi aliyeleta mpunga, wakati uamuzi wa kununua mashine uko mikononi mwa mtu mwingine.

Hata hivyo, mwenye mashine nzuri ana njia. Apandishe malipo kutoka shilingi 50 hadi 60 kwa kilo ya mchele na kumwonyesha mteja sababu kwenye mizani. Kwa tani moja atapokea shilingi 37,800 badala ya 26,500 za mwenye mashine ya chuma. Akitoa mipira, ziada ni 9,300, na tofauti ya bei inarudi baada ya tani 430 hivi. Mteja naye amelipa shilingi 11,300 zaidi, lakini ameondoka na mchele wa ziada wenye thamani ya 200,000. Biashara ya namna hiyo haihitaji matangazo, mradi mizani iwe ya kweli na ionekane na wote.

Pumba nazo ziingizwe kwenye hesabu. Mashine ya chuma huchanganya ganda na pumba laini. Ile ya hatua mbili huzitenga, na pumba laini safi hununuliwa na wafugaji wa kuku na nguruwe.

MPUNGA KABLA YA MASHINE

Mashine bora haiponyi mpunga uliokwisha kuharibika. Unyevu unaofaa kukobolea ni asilimia 13 hadi 14. Mpunga mbichi husagika na kuziba chujio. Uliokaushwa kupita kiasi hupasuka. Kyela ina mvua nyingi sana, na mvua za masika huweza kuwa bado hazijaisha wakati uvunaji unapoanza. Mpunga uliokauka mchana kisha ukalowa kwa umande au manyunyu ya usiku hupata nyufa za ndani ambazo hazionekani kwa macho. Nyufa hizo hujitokeza mashineni zikiwa chenga, naye mwendesha mashine hulaumiwa bure.

Dawa yake ni turubai. Mpunga utandazwe kwa kina kidogo, ugeuzwe mara kwa mara, na ufunikwe kabla ya jioni. Wanaokosa kipima unyevu hung'ata punje: ikikatika kwa mlio mkavu iko karibu na kiwango, ikibonyea bado. Kwa anayenunua tani nyingi, kipima unyevu ni sehemu ya mtaji, sawa na mizani.

Jambo la pili ni mbegu. Aina za asili za Kyela zina punje ndefu, na punje ndefu nyembamba huvunjika kwa urahisi kuliko fupi nene. Mbegu ya SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002, nayo ina umbo lake. Aina mbili zikichanganywa katika gunia moja, nafasi kati ya roli haiwezi kuzifaa zote: punje nene zitavunjwa na nyembamba zitapita na maganda yake. Mnunuzi atenganishe mpunga tangu shambani, na mwendesha mashine arekebishe nafasi kila aina inapobadilika.

KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Mnunuzi asikubali majaribio ya mpunga wa muuzaji. Aende na kilo 200 za mpunga wake mwenyewe, wa aina moja na uliokauka vizuri, augawe sawasawa, akoboe kilo 100 katika kila mashine anayoilinganisha. Kisha apime mambo manne.

Kwanza, uzito wa mchele wote uliotoka. Pili, achukue kilo moja ya mchele huo na kutenga punje nzima na chenga; punje inayobaki na robo tatu au zaidi ya urefu wake ihesabiwe nzima. Tatu, ahesabu chuya zilizobaki. Nne, apepete pumba kwa ungo aone kama mchele unapotelea humo. Mchele ukitoka wa moto sana mkononi, shinikizo limezidi au kasi si yake.

Kasi ni jambo linalosahauliwa. Kibao cha mashine huonyesha mizunguko kwa dakika, na puli ya injini au mota ndiyo inayoamua kama itafikiwa au itapitwa. Mashine nzuri iliyofungwa puli isiyo yake huvunja mchele kama ile mbovu.

Kuhusu nguvu, mnunuzi aulize TANESCO kabla ya kununua mota. Mashine za ukubwa huu kwa kawaida hutaka umeme wa njia tatu, na nguzo iliyo jirani inaweza kuwa na njia moja tu. Injini ya dizeli humpa mtu uhuru wa kukaa Ipinda, Matema au kijiji chochote kilicho karibu na mashamba, ila mafuta yake yaingizwe kwenye malipo ya kila kilo.

Mipira nayo ina masharti. Roli yenye kasi huisha mapema, hivyo mbili hizo hubadilishana nafasi ili zilike sawa. Mafuta na dizeli huiharibu mipira, na iliyokaa ghalani muda mrefu hukakamaa. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe kipimo chake kinapatikana Mbeya, na awe na jozi moja ya akiba kabla ya msimu. Mashine inayosimama wiki mbili mwezi Julai ikisubiri mpira imepoteza wateja wa mwaka mzima.

NANI ANUNUE IPI

Roli ya chuma bado ina mahali pake: kijiji chenye mpunga kidogo, mbali na fundi na vipuri, ambako watu hukobolea chakula cha nyumbani. Lakini anayelenga magari ya Mbeya na Dar es Salaam ana kila sababu ya kununua mashine ya hatua mbili, na mtaji ukiruhusu aongeze chekeche la kutenga chenga na kifaa cha kuondoa mawe. Anayelenga mpaka wa Kasumulu akumbuke pia kwamba ng'ambo ya Mto Songwe, huko Karonga, nako hulimwa mpunga wenye harufu, unaojulikana Malawi kwa jina la Kilombero. Mnunuzi wa huko anajua mchele mzuri unavyofanana.

Wenye mtaji usiotosha wanaweza kuungana. Wachuuzi watano wanaokoboa tani tano kila mmoja kwa msimu wanavuka zile tani 21 katika msimu mmoja. Ushauri kwa wenye viwanda vidogo hutolewa na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo lina ofisi mjini Mbeya.

Rahisi ni ghali, na kwa mashine ya mpunga ughali wenyewe hauonekani siku ya kununua. Hutoka kidogo kidogo, kilo kumi katika kila mia, ukiwa umechanganyika na pumba.