Mtoto haponi kwa kuambiwa asahau

NILIMKUTA kijana wa miaka 14 kambini Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ameketi peke yake nje ya nyumba. "Mkaidi huyo," mama yake, mkimbizi kutoka Kongo, aliniambia. "Namwambia asahau vita, hasikii. Usiku anapiga kelele."

Niliona aibu. Mwanangu akilia, nami humwambia, "Wewe mwanamume, jikaze."

Hapo hapo Nakivale, wataalamu waliwatibu vijana sita wa Kisomali wa miaka 12 hadi 17, wakatoa matokeo mwaka 2005. Katika tiba hiyo, kamba ni maisha ya mtoto, maua ni furaha yake, mawe ni machungu yake. Husimulia yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa. Vikao vilikuwa vinne hadi sita. Miezi tisa baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo.

Nilimsihi mama yule amtafutie kijana mshauri. Jioni, niliporudi Mbarara mjini, nilimpigia mwanangu simu. Sikumwambia ajikaze. Nilimuuliza, kisha nikamsikiliza. Wewe msomaji, wako umemsikiliza lini?