Chanjo Haiponyi, Hukinga

Ukipita katika vijiji vya Mpanda na kukaa na wafugaji, utasikia maneno ya namna mbili. Wa kwanza atasema: "Ng'ombe wangu ni wazima. Wanakula, wanakunywa. Nimchanje ng'ombe mzima kwa nini? Wakiugua nitamwita bwana mifugo." Wa pili atasema: "Sisi tulichanja, na bado wakafa. Sasa chanjo hiyo ina faida gani?"

Maneno haya mawili yana kosa moja. Wote wawili wanafikiri kuwa chanjo ni dawa ya kuponya. Chanjo haiponyi. Chanjo hukinga. Asiyeijua tofauti hii anaweza kupoteza zizi zima, huku akiwa ametoa fedha yake na kushika ng'ombe kwa jasho.

Leo tutaeleza chanjo inavyofanya kazi. Mfano wetu ni ugonjwa mmoja ambao umewasumbua sana wafugaji wa nchi yetu, yaani homa ya mapafu ya ng'ombe.

UGONJWA WENYEWE

Homa ya mapafu huletwa na vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Ng'ombe mgonjwa akikohoa, vijidudu hutoka na pumzi. Ng'ombe aliye karibu naye huvivuta. Kwa hiyo ugonjwa huu huambukizwa pale ng'ombe wanapobanana: zizini, mnadani, njiani na kwenye maji.

Hapa kwetu hatari huongezeka wakati wa kiangazi. Mito hupungua. Maji ya mto Katuma yakibaki kidogo, makundi mengi hukutana mahali pamoja. Ng'ombe wa huyu hunywa bega kwa bega na ng'ombe wa yule.

Dalili zake ni homa, kukohoa hasa akikimbizwa, kupumua kwa shida, kunyoosha shingo, na kusimama viwiko vya miguu ya mbele vikiwa nje. Ng'ombe hukonda. Akifa na kupasuliwa, mapafu huwa magumu, yamegandamana na mbavu, na kifuani mna maji ya manjano. Kundi ambalo halijawahi kupata ugonjwa huu linaweza kupoteza hata nusu ya ng'ombe.

Jambo baya zaidi ni kwamba ugonjwa huu hujificha. Ng'ombe anaweza kuambukizwa leo, na dalili zisionekane kwa wiki kadhaa, hata miezi. Tena ng'ombe aliyepona kwa macho anaweza kubaki na kifuko cha vijidudu ndani ya pafu lake. Unamwona mzima, kumbe bado amebeba hatari.

Binadamu hawaambukizwi ugonjwa huu. Wako pia watu wanaowalaumu nyati wa mbuga ya Katavi. Kwa ugonjwa huu nyati hawana hatia. Ng'ombe huambukizwa na ng'ombe mwenzake.

MWILI HUJIFUNZAJE?

Mwili wa ng'ombe, kama wetu, una askari wake ndani ya damu. Vijidudu vikiingia, askari hao hupigana navyo. Lakini kila adui ana sura yake. Askari ambao hawajawahi kumwona adui fulani huchelewa kumtambua. Huchukua siku nyingi kutengeneza silaha inayomfaa, na katika siku hizo ugonjwa unaendelea kuharibu mapafu.

Hebu fikirini mgambo wa kijiji. Je, mgambo hufundishwa siku wezi wanapovamia? Hapana. Hufundishwa mapema, wakati wa amani. Siku ya hatari ikifika, kila mmoja anajua la kufanya.

Chanjo ni mafunzo ya namna hiyo. Wataalamu huchukua vijidudu vya ugonjwa na kuvidhoofisha mpaka vishindwe kuleta ugonjwa mkali. Kwa magonjwa mengine, kama kichaa cha mbwa, vijidudu huuawa kabisa kabla ya kutiwa katika chanjo ya mbwa. Ng'ombe anapochomwa sindano, askari wa mwili wake humwona adui huyu aliye dhaifu, hujifunza sura yake na kutengeneza silaha. Kazi hiyo huchukua kama wiki tatu. Adui mwenyewe akija baadaye, hukuta askari wako tayari.

Basi ndiyo maana tunachanja ng'ombe mzima. Ng'ombe mgonjwa tayari yuko vitani. Huwezi kumwanzishia mafunzo huku adui yuko ndani ya nyumba.

MBEGU ILIYOTOKA TANGANYIKA

Zamani, wafugaji wa sehemu mbalimbali za Afrika waligundua wenyewe kwamba ng'ombe aliyeugua akapona haugui tena kwa urahisi. Walikata kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa, wakakitia chini ya ngozi ya ng'ombe mzima. Huko Ubelgiji, mwaka 1852, daktari Louis Willems alieleza njia kama hiyo, akitumia ncha ya mkia. Wazo lilikuwa sahihi, lakini njia ilikuwa ya hatari. Vijidudu vilikuwa na nguvu zake zote. Ng'ombe wengine walivimba vibaya, wengine walikatika mikia, na wengine walikufa. Tusirudie njia hiyo.

Chanjo inayotumika sana Afrika leo huitwa T1/44. Mbegu yake ilipatikana hapa kwetu Tanganyika, mwaka 1951. Vijidudu hivyo vilikuwa vipole kwa asili yake. Wataalamu walivikuza ndani ya mayai ya kuku, wakavihamisha kutoka yai hadi yai mara 44. Hiyo ndiyo maana ya namba 44 katika jina lake.

KWA NINI WENGINE HUFA BAADA YA KUCHANJWA?

Sasa turudi kwa yule ndugu wa pili. Hasemi uongo. Ng'ombe wake walichanjwa, na walikufa. Zipo sababu tatu kubwa.

Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Mfugaji alisubiri mpaka kikohozi kikasikika kwa jirani. Siku ya kuchanja, baadhi ya ng'ombe wake walikuwa wamekwisha ambukizwa, ila dalili hazijatokea. Chanjo ilihitaji wiki tatu, ugonjwa haukungoja. Watu wakasema: "Chanjo imeua." Lakini ugonjwa ulitangulia.

Sababu ya pili ni joto. Chanjo hii ni vijidudu hai, vimekaushwa kuwa unga ndani ya kichupa. Vikipata joto hufa. Lazima chanjo ikae katika jokofu, na isafiri katika kisanduku chenye barafu mpaka zizini. Ikisha changanywa na maji yake maalumu, itumike mara moja, wala isiachwe juani. Vijidudu vikifa, umemchoma ng'ombe maji tu. Hakudhurika, lakini hakukingwa.

Sababu ya tatu ni kuchanganya na dawa. Wafugaji wengi hupenda kumchoma ng'ombe sindano ya oksitetrasaiklini, ile waiitayo OTC, siku hiyo hiyo ya chanjo, "ili apate nguvu." Hilo ni kosa. Dawa hiyo huua vijidudu, na chanjo yenyewe ni vijidudu hai. Unakuwa umewaua walimu kabla hawajafundisha. Kabla ya kuchanja, mwambie bwana mifugo ni ng'ombe gani wamepewa dawa, na lini.

Jambo jingine lisiwatishe. Baadhi ya ng'ombe huvimba pale walipochomwa, pengine wiki mbili au tatu baada ya chanjo. Uvimbe ukizidi, usiupasue wala usichome dawa kwa kubahatisha. Mwite mtaalamu.

KWA NINI TURUDIE KILA MWAKA?

Wazee wanakumbuka sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukaua ng'ombe na nyati bila hesabu, na watu wakafa kwa njaa. Baadaye, kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri sana. Ng'ombe aliyechanjwa vizuri mara moja alikingwa maisha yake yote. Nchi nyingi zilichanja kwa pamoja miaka mingi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani kote. Kwa hiyo chanjo inaweza kuufuta ugonjwa kabisa.

Lakini chanjo ya homa ya mapafu haina nguvu za namna hiyo. Kinga yake hudumu kama mwaka mmoja. Askari husahau. Kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa mwaka juzi asihesabiwe kuwa amekingwa leo.

Nchi yetu imekwisha jifunza jambo hili kwa uchungu. Kufikia mwaka 1964 homa ya mapafu ilikuwa imetokomezwa Tanzania. Mwaka 1990 ikaingia tena kutoka upande wa kaskazini, ikatembea pamoja na ng'ombe, ikaenea mikoa mingi. Wilaya ya Mpanda, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Rukwa kabla ya Mkoa wa Katavi kuundwa mwaka 2012, ilikuwa ikipokea wafugaji na makundi yao kutoka mikoa mingine. Kuhama kutafuta malisho si kosa. Kuhama na ng'ombe ambao hawajachanjwa ndiko kunakobeba ugonjwa.

KUNDI MOJA LIKIKOSA

Chanjo haikingi kila ng'ombe kwa ukamilifu. Wachache hawapati kinga ya kutosha hata wakichanjwa vizuri. Hao hulindwa na wenzao. Ugonjwa ukiingia katika kundi ambalo wengi wana kinga, hukosa pa kupita, ukafa. Lakini wachanjwe wachache tu, ugonjwa utaruka kutoka huyu hadi yule kama moto katika nyasi za Septemba.

Kwa sababu hiyo chanjo ni kazi ya kijiji kizima. Wapo wenzetu ambao siku ya chanjo huwapeleka ng'ombe porini, eti wanaogopa kuhesabiwa. Ng'ombe hao jioni hurudi, na kesho yake wanakunywa maji na ng'ombe wetu. Aliyeficha ng'ombe kumi amehatarisha mamia. Na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuzika.

Mwezi Juni 2025, huko Bariadi, mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ilipangwa kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu, mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka yao, na kuku dhidi ya mdondo, kwa msaada wa serikali katika gharama. Chanjo ikisogezwa karibu namna hiyo, kazi inayobaki ni yetu, kuwatoa mifugo wote.

HATA KUKU WA MAMA

Asiye na ng'ombe asiseme hayamhusu. Mdondo unaweza kumaliza kuku wa nyumba nzima kwa siku chache, na pamoja nao ada ya shule na kitoweo cha mgeni. Chanjo yake aina ya I-2 ni tone moja tu katika jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Sheria ni zile zile: kuku wazima, chanjo iliyotunzwa vizuri, kabla ugonjwa haujafika, na nyumba zote za jirani siku moja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuchanje ng'ombe wote kila mwaka, wakiwa wazima. Kwa ndama wadogo sana tumuulize bwana mifugo.

Pili, siku ya chanjo tuulize: "Chanjo imetunzwa kwenye baridi?" Kuuliza si dharau. Mtaalamu mwema hufurahi kuulizwa.

Tatu, tuandike katika daftari tarehe ya chanjo na idadi ya ng'ombe. Tumejifunza kusoma na kuandika ili kalamu itufanyie kazi.

Nne, ng'ombe mgeni atengwe kwanza, asiingizwe zizini siku ile ile aliponunuliwa.

Tano, ng'ombe akikohoa, tutoe habari upesi kwa bwana mifugo na kwa mtendaji wa kijiji. Tusimpeleke mnadani. Anayemuuza ng'ombe anayekohoa anapata fedha ya ng'ombe mmoja, na kumpelekea mwenzake msiba wa zizi zima.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ina siku yake, nayo ni siku ambayo ng'ombe bado ni mzima. Siku hiyo isitupite.

JADILIANENI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwa nini ng'ombe aliyechanjwa leo anaweza kuugua wiki ijayo?
2. Kijijini kwenu, makundi hukutana wapi wakati wa kiangazi? Mnaweza kupanga siku moja ya kuchanja wote?
3. Mwenzenu akificha ng'ombe wake, mtamweleza nini?